Pedali ya Kushoto

Barua ya pili ya onyo ilimkuta Dorcus Chepkosgei jikoni, mwiko mkononi, akikoroga uji wa wavulana mia sita. Madam Fancy, kateresi wa shule, yaani msimamizi wa jiko, aliisoma kwa sauti kwa kuwa sheria ilitaka isomwe, kisha akaikunja na kuitia katika mfuko wa aproni ya Dorcus taratibu, kama anayemwekea mgonjwa vidonge.

"Ya tatu haitakuwa barua, Mama Uji," akasema. "Ya tatu utaambiwa tu uache aproni kwa geti."

Tuseme ukweli: Dorcus hakuwa mvivu. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na miwili aliyepika katika shule ile miaka kumi na tisa bila kuunguza sufuria hata moja. Shida yake ilikuwa kilomita saba. Nyumba yake ilikuwa upande wa Merigi, shule ilikuwa ng'ambo ya mto, juu ya kilima cha pili, na katikati ilikuwa chai, kisha chai, kisha chai tena. Ilimpasa awe ameweka sahihi kwenye daftari la getini kabla ya saa kumi na moja na nusu alfajiri, la sivyo uji haungeiva kwa wakati na wavulana wangeingia darasani na njaa. Saa hiyo watu wa bodaboda bado wako chini ya blanketi, hasa ukungu ukishuka. Basi alikuwa akitembea, na goti lake la kulia lilikuwa limeanza kumgomea.

Mtu akimwambia atafute kazi nyingine alimwona kama anayezungumza upuuzi. Sokoni, kanisani, hata kwenye foleni ya kliniki, watu walimwita Mama Uji. Wakimnyang'anya ule mwiko, wangemwita nani?

Jumamosi ile alikwenda mjini Bomet kununua karai. Karai hakununua. Alipopanda ghorofa ya juu ya supamaketi aliikuta baiskeli ikining'inia kwa kamba kutoka kwenye dari, kati ya magodoro na viti vya plastiki. Ilikuwa ya zambarau, na mbele ilikuwa na kikapu. Kwenye chuma chake pameandikwa *Lady Comet* kwa herufi za fedha. Magurudumu yalikuwa yakizunguka polepole, peke yake, kwa upepo wa dirishani. Dorcus alisimama chini yake, shingo juu, mdomo wazi, mpaka mteja mmoja akamwomba apishe.

"Hii ni ya kuangalia ama ya kuentesha?" akamuuliza msichana wa duka. Ulimi wa Dorcus, kama wa wengi wa kwao, haukutofautisha sana *d* na *t*, wala *b* na *p*.

"Ni ya kuendesha, mum. Tunakufungia hapa hapa."

Hisa yake yote ya chama cha akiba iliishia pale. Msichana alileta spana, akafunga usukani, akafunga pedali mbili, akajaza upepo, yote kwa muda mfupi kuliko wa kumenya viazi vya debe moja. Dorcus alikuwa akifikiri kwamba chombo cha kumbeba mtu lazima kifanyiwe sherehe, angalau sala. Msichana alimkabidhi spana ndogo ya bure na neno moja la ushauri. "Ukifika nyumbani uwe unakaza-kaza. Hizi za supamaketi zinalegea."

Neno hilo Dorcus alilibeba moyoni kuliko baiskeli yenyewe alivyoibeba juu ya gari la mizigo.

Mtaani walimcheka, na kicheko cha watu wa Merigi hakina haraka. Wakasema hiyo si baiskeli, ni toi. Wakasema angenunua blek mamba, chuma cha wanaume, kinachobeba magunia mawili ya mahindi na mwenye mahindi juu. Wakauliza kogo mzima, nyanya wa watu, atainuaje mguu mbele za watu. Kwa Jumapili tatu, baada ya ibada, Dorcus alikwenda uwanja wa kanisa na rafiki yake Cheptoo, mwanamke wa rika lake, mwenye mabega mapana na maneno makali, ambaye alishika kiti kwa nyuma na kukimbia akitukana.

"Angalia mbele! Wewe unaangalia gurudumu ya nini? Gurudumu itatoroka?"

Jumapili ya tatu matusi yaliacha kusikika. Dorcus alidhani Cheptoo amechoka kupiga kelele. Alipofika kona ya uwanja aligeuza macho, akamwona Cheptoo kule mbali, amesimama, mikono kichwani, akilia machozi. Hakuna aliyekuwa ameshika kiti. Dorcus alikuwa peke yake juu ya mipira miwili myembamba, akienda, na ardhi haikumdai lolote. Alianguka papo hapo, bila shaka, lakini alianguka akicheka.

Na alfajiri ya kwanza! Afadhali nisimulie polepole, kwa sababu yeye mwenyewe kila akiisimulia hukosa pumzi. Ukungu ulikuwa umejaa bondeni. Alishuka mteremko wa kuelekea mtoni na upepo ukamtoa machozi, na chai ikapita kushoto na kulia, mistari kwa mistari, imelowa, inang'aa kwa mwanga mdogo uliokuwa ukija nyuma ya vilima. Harufu ya majani yanayokaushwa kiwandani ilimfikia kabla hajaliona bomba la moshi. Miaka kumi na tisa alikuwa ameipita njia hii akiangalia miguu yake. Siku ile ndipo alipoiona njia yenyewe.

Kilima cha pili ndicho alichokiogopa. Alisukuma kidude cha gia kwa kidole gumba kama alivyoonyeshwa, cheni ikaruka, ikalia *kra*, na kilima kikawa chepesi. Urefu wake ulikuwa ule ule. Yeye ndiye aliyeongezewa nguvu, na hakuelewa zimetoka wapi. Akasema "Asante" kwa sauti, kisha akaona aibu, maana hakujua anamshukuru nani.

Getini, bawabu Kipkorir alimulika saa yake mara mbili. Mtu huyu, akivaa sare, Kikipsigis alikiacha nyumbani pamoja na tabasamu, akabaki na Kiswahili cha kazi tu. "Saa kumi na moja na takika kumi," akasoma. "Mama Uji, umelala hapa?"

Tangu siku hiyo hakuchelewa tena. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa shukrani, aliitunza ile baiskeli kwa njia aliyoijua, yaani kama unavyotunzwa mursik, maziwa ya kugandishwa kibuyuni. Wanawake wa kwao hawaachi kibuyu cha maziwa kilale kichafu. Kila jioni hukisugua ndani kwa sosiot, ule ufagio mdogo wa vijiti vigumu, mpaka kitoe harufu safi, na mwanamke anayeruka jioni moja hujulikana asubuhi. Dorcus akatafuta sosiot kuukuu, akawa anasugua nayo cheni, pingili kwa pingili. Akaipaka cheni mafuta ya kupikia, mbwa wa jirani akaja kuilamba. Akasugua rimu za magurudumu kwa sabuni ya vyombo. Na mwisho kabisa, kila jioni bila kuruka hata moja, alichukua ile spana ya bure na kukaza kila kitu kinachokazwa: usukani, kiti, kikapu, pedali ya kulia, pedali ya kushoto. Vyote kwa mkono wa kulia na vyote kuelekea kulia, kama anavyofunga mfuniko wa mtungi.

Pedali ya kulia haikuwa na neno. Ilikuwa ngumu, haigeuki. Ile ya kushoto ndiyo iliyomfurahisha, kwa sababu kila jioni ilimkubalia kidogo. Aliisukuma spana, ikaenda, akaridhika. Pedali hiyo ilikuwa imechongwa herufi *L*. Aproni yake pia ilikuwa na *L* shingoni, kwa hiyo alijua maana yake: laji, saizi ya watu wakubwa. Nyingine ilikuwa na *R*, nayo akaichukua kuwa jina la kiwanda.

Wiki ya tano pedali ya kushoto ikaanza kubisha. *Tk*, mguu ukishuka. *Tk*, mguu ukishuka. Dorcus akajilaumu kwa uzembe, akaongeza nguvu jioni. Kesho yake ikabisha zaidi. Akaongeza nguvu tena. Aliona kama anamlisha mtoto anayezidi kukonda.

Alhamisi jioni, akirudi nyumbani, katikati ya mteremko, pedali ilitoka. Ilitoka na kiatu chake, ikaenda kulala kwenye mtaro. Dorcus akajikuta ndani ya chai, amekumbatia kichaka, magoti yote mawili yakichuruzika damu. Hakuwazia magoti. Alikaa pale akihesabu saa. Kesho ni Ijumaa. Kwa miguu, na magoti haya, hawezi kufika kabla ya saa kumi na mbili. Na ilitosha kuchelewa mara moja tu. Akalia kwa sauti, peke yake, kilio cha mtu aliyeonjeshwa kitu kisha akanyang'anywa.

Halafu akaokota pedali, akaokota kiatu, akaisukuma baiskeli hadi soko la Merigi kwa Eliakim Obiero.

Eliakim alikuwa mtu wa kutoka upande wa ziwa, aliyerekebisha mashine za kiwanda cha chai miaka thelathini, na baada ya kustaafu hakurudi kwao kwa sababu, alivyosema, kule hakuna kilima cha kuharibu breki za watu. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya duka la mbolea. Aliichukua pedali, akaitazama upande wa mwisho, pale penye mistari ya uzi, akaipitisha kidole gumba.

"Baba Maxine, imekufa?" Dorcus akamuuliza, kwa jina ambalo soko zima lilimwita.

"Haijakufa. Thredi, hii mistari ya kufungia, imeumia huku mwisho, lakini nitaisafisha." Akamwangalia. "Mama Uji, hebu nionyeshe vile unakazanga hii."

Akainama, akachukua spana, akamwonyesha hewani. Kulia.

"Kila siku?"

"Kila jioni. Sijawahi kuruka." Alilisema hilo kwa fahari.

Eliakim akakaa chini kwenye kopo la rangi. Mabega yake yalianza kutikisika, na Dorcus alipoona kwamba ni kicheko nusura ampige na pedali.

"Pole, mama. Pole sana. Usinikasirikie. Sikiliza. Hii ya kulia inafungwa kuenda kulia, sawa na bolti zote unazijua. Hii ya kushoto imetengenezwa kinyume. Inafungwa kuenda kushoto. Ona, hata wameandika, *L*, ndiyo hiyo left, kushoto."

"Si ni laji?"

"Laji ni ya nguo!" Akafuta macho kwa mkono wa shati. "Sasa, kwa nini waliifanya hivyo? Ukiendesha, mguu wako unaizungusha. Kama thredi ingekuwa ya kawaida, huu upande wa kushoto ungejifungua wenyewe kidogo kidogo mpaka uanguke. Kwa hivyo mtu alikaa chini akafikiria, akageuza thredi. Sasa kila unapokanyaga, inajikaza. Barabara ndiyo ilikuwa inakukazia hii pedali, mama. Asubuhi inakaza, jioni inakaza. Halafu wewe unafika nyumbani, unachukua spana, unaifungua."

Dorcus akainama akaitazama pedali. Aliliona jambo zima kwa mara moja. Kilomita saba za kwenda, kilomita saba za kurudi, kila kona na kila jiwe vilikuwa vikimfanyia kazi bila kumwambia, na yeye kila jioni, kwa bidii yake yote na kwa mapenzi yake yote, alikuwa akiibomoa. Na kabla ya hapo kulikuwa na mtu, sijui wa nchi gani, sijui wa miaka mingapi iliyopita, aliyekaa akauwazia mguu wa kushoto wa mama mpishi asiyemjua, akaona utakavyosumbuliwa, akageuza uzi wa chuma ili usisumbuke. Nywele za shingo zilimsimama. Kanisani zilikuwa zimemsimama mara mbili tatu, lakini kwenye kibanda cha fundi, hapana.

"Yaani kuna kitu," akasema polepole, "kinashika kwa sababu kinaenda kushoto."

"Kikienda kulia kinaanguka."

Eliakim alisafisha thredi kwa brashi ya waya, akapaka grisi, akaiingiza pedali kwa vidole kwanza ili isipande vibaya. Kisha akampa spana. "Malizia mwenyewe, ndiyo mkono ujue."

Mkono uliotoka ulikuwa wa kushoto. Dorcus hakuutuma. Ulitoka wenyewe, ukaishika spana, ukaikaza kuelekea kushoto, ukasikia chuma kikikutana na chuma na kugoma kabisa, na katika ule ugumu alikumbuka dawati la darasa la pili. Alikumbuka uzi wa katani ambao mwalimu aliufunga kwenye kifundo cha mkono wake wa kushoto, akaufungia kwenye dawati, muhula mzima, mpaka mkono wa kulia ujifunze kuandika. Nyumbani vilevile. Babu yake alikuwa haupokei mkono wa kushoto. Ukimnyooshea kibuyu kwa mkono huo aliangalia pembeni kana kwamba hakuna mtu. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Walikuwa wakimkaza. Kila siku walimkaza kuelekea kulia, kwa bidii na kwa mapenzi, na yeye akawaamini, na kwa miaka arobaini na mitano hakuuliza kwa nini vitu humponyoka mikononi.

"Unalia, mama?" Eliakim akauliza. "Ni hayo magoti?"

"Ni magoti," akasema.

Ijumaa ilinyesha. Alitoka saa kumi na nusu na dakika chache, ukungu mzito na matone juu yake, taa ndogo ya kikapuni ikimwonyesha hatua tatu tu mbele. Magoti yaliwaka moto. Kwenye mteremko wa kuelekea mtoni alishika breki mpaka vidole vikafa ganzi. Mtoni akavuka. Kisha kilima cha pili kikaanza, akasukuma gia, na akasubiri ile *tk*.

Haikuja. Alikanyaga kwa nguvu, mguu wa kushoto chini, kimya. Tena chini, kimya. Nusu ya kilima hofu ilimshinda, akashuka kwenye matope, akainama gizani, akaipapasa pedali pale inapoingia. Ilikuwa imeshika kuliko jana. Alijua ni kuliko jana, kwa sababu jana aliikaza yeye, na leo ilikuwa imeongezewa kilomita nne na nusu. Alicheka kidogo, mvua ikiingia mdomoni. Akapanda tena. Kila akikanyaga sasa alijua kinachofanyika pale chini, na kilima chote alikipanda kwa mshangao, kama mtu anayesikia moyo wake mwenyewe ukidunda.

Getini palikuwa na watu wawili. Kipkorir alikuwa na tochi na daftari. Kando yake, chini ya mwavuli, alisimama Madam Fancy, ambaye hafiki kabla ya saa moja. Hakusema kilichomleta, ila benchi ya bawabu ilikuwa na mwanamke kijana aliyekaa wima, mikono mapajani, amevaa viatu vipya. Dorcus akaelewa: huyo aliitiwa aproni yake. Habari za pedali zilikuwa zimevuka mto kabla yake.

Kipkorir akamsogezea daftari. Baiskeli haikuwa na stendi ya kusimamia matopeni, kwa hiyo mkono wa kulia ulibaki umeishika. Kalamu akaichukua kwa ule mwingine. Akaandika jina lake, akaandika saa, akaweka sahihi, na herufi zikatoka kubwa, zimeegemea nyuma, kama za mtoto wa darasa la pili.

Kipkorir akaleta tochi karibu. "Hii mwantiko ni ya nani?"

"Yangu."

"Yako ni hizi." Kidole chake kikapanda ukurasa, Alhamisi, Jumatano, Jumanne. "Hii si sahihi yako. Matam, mimi siwezi kupeleka kitapu iko na sahihi mpili."

Mwanamke wa kwenye benchi aliinua uso. Madam Fancy akafunga mwavuli, akachukua daftari, akalinganisha, mvua ikidondokea karatasi. Sahihi isiyolingana ni kama hukufika, hata kama umesimama pale umelowa. Sheria hiyo aliiandika yeye.

"Rudia," akasema. "Hapa chini. Nikiona."

Dorcus alijua la kufanya. Angebadilisha mkono tu, aandike ile ya siku zote, ilingane, yaishe. Aliuangalia mkono wa kulia kwenye usukani. Kisha akaandika tena kwa ule wa kushoto, bila haraka, herufi moja baada ya nyingine, mpaka jina lote likakaa chini ya lile la kwanza, na yakafanana.

Madam Fancy aliyatazama yote mawili. "Na hizi za juu? Miaka yote hii? Hizi ni za nani?"

"Hizo zilikuwa za mwalimu," Dorcus akasema.

Mvua iliendelea kunyesha. Madam Fancy akapangusa maji kwenye ukurasa. Akaangalia saa yake, akaitoa kalamu katika vidole vya Dorcus, na kando ya lile jina jipya akaandika mwenyewe: saa kumi na moja na dakika kumi na tisa. Akaweka sahihi yake chini.

"Nenda washa moto, Mama Uji."

Lakini Dorcus hakuondoka mara moja. Alikuwa bado ameinamia daftari, akisoma jina lake.